Maji ya Ufuo

Kata ya kifuu ikigonga mdomo wa mtungi, kisha maji yakianguka shimoni na kunywewa na mchanga. Sauti hiyo Bi Sitara aliibeba mpaka uzeeni. Ilimjia mchana kweupe, akiwa anasuka ukili barazani, Mtaa wa Mchikichi, na soko jipya la Kariakoo likivuma upande wa pili. Mtu akimwaga uani maji ya kuoshea vyombo, yeye aliacha kusuka. Alisubiri mchanga umalize kunywa. Ndipo vidole vyake viliporudi kwenye ukili.

Wapangaji wapya walidhani ni uzee tu. Sisi wa zamani tulijua.

Alikuwa mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mtaani kwetu, kabla sanda haijanunuliwa, mtu alikuwa ameshatumwa kwa Bi Sitara. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipokufa kwa uzazi. Shangazi hakuwa mwenye maneno mengi. Alimweka msichana pembeni ya kitanda, akamwacha atazame.

"Maiti ana haya kuliko bibi harusi," alimwambia. "Anaona haya, na hawezi kujifunika. Wewe ndiye nguo yake."

Hivyo Sitara alijifunza kuinua kichwa kama cha mtoto aliyelala, asimwamshe. Alijifunza kuponda majani ya mkunazi na kutia karafuu maiti kwenye maji ya mwisho. Alijifunza kulibonyeza tumbo taratibu, ili kilichobaki ndani kitoke kabla marehemu hajatiwa sanda. Chini ya kitanda huchimbwa ufuo, shimo la urefu wa kitanda, lisilo na kina, maji yote yaingie humo, kisha lifukiwe, mguu wa mtu usiyakanyage.

Mara moja tu aliona shangazi akifanya vingine. Mwanamke alikuwa ameungua kwa jiko la mafuta ya taa, na ngozi yake isingestahimili hata tone. Shangazi hakugusa kata. Aliagiza udongo mkavu, akapiga viganja juu yake, akampaka marehemu usoni, kisha mikononi.

"Maji yakidhuru, udongo unatosha," alisema. "Mungu hakumpa mja njia moja."

Sitara aliyasikia, akayaweka mbali. Hakudhani kama atayahitaji.

*

Rafiki yake alikuwa Zamda, wa chumba cha nyuma katika nyumba hiyohiyo ya Mzee Shaibu. Zamda alikaanga samaki. Asubuhi alikwenda Feri, akarudi na beseni kichwani, na mtaa mzima ukajua amerudi kwa harufu na kwa ulimi wake. Alasiri, karai likishaoshwa, alikaa barazani na Bi Sitara kusuka ukili.

"Mwosha naye huoshwa," alisema siku moja. "Sasa wewe, shoga, utaoshwa na nani? Mimi mikono inanuka samaki. Utafika kaburini paka wa Kariakoo wote wanakufuata nyuma."

"Utanawa kwa sabuni."

"Sabuni yenyewe siku hizi kwa foleni. Utaoza unanisubiri."

"Basi tangulia wewe, nikuoshe mimi."

"Haya, nimekubali. Lakini maji yapashe moto, mwanamke. Baridi siiwezi. Ukinimwagia ya baridi nitaamka nikuzabe kofi, na wenye msiba wote watavunja mlango."

Walicheka mpaka ukili ukawaponyoka. Lakini vicheko vilipokwisha, Zamda alimshika mkono. "Nakwambia kweli. Asinioshe mtu mwingine."

"Sitakuacha kwa mtu mwingine," alisema Bi Sitara.

*

Mwaka ule wa kipindupindu ugonjwa ulianza kusikika redioni kama habari za mbali, za Rufiji huko. Baadaye ukasikika sokoni. Kisha watu wakaacha kuutaja jina. Mabomba ya mtaani yalikuwa yamekauka, na sisi tukarudi kwenye kisima cha uani kilichosahauliwa, kifupi, chenye maji ya chumvichumvi. Watu wa nyumba ya pili nao wakaja na ndoo zao, maana jirani hanyimwi maji.

Wakati huohuo akaja Bi Hadia, shangazi yake Zamda, kutoka Rufiji. Alishuka kwenye lori akiwa amejikunja, na kesho yake hakuamka.

Hakuna aliyetaka watu wa afya wajue. Ilisemekana wanaochukuliwa nao hufungwa kwenye plastiki, hunyunyiziwa dawa, wakazikwa na wageni, bila kuoshwa, bila mkono wa jamaa kuwagusa. Basi aliyeuliza aliambiwa ni tumbo la safari. Bi Sitara akaitwa.

Ufuo ulipaswa kuchimbwa chumbani. Lakini Mzee Shaibu alisimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Saruji hii nimeipata kwa kibali. Nimeisubiri mpaka ndevu zimeota mvi. Leo mnataka niipige sururu?"

"Marehemu ataoshewa wapi, Mzee?" aliuliza Bi Sitara.

"Uani si kuna mchanga? Zungusheni shuka."

Wakazungusha shuka uani. Awadhi, mtoto wa Zamda, kuli wa bandarini, mikono kama makasia, alichukua jembe, akatafuta palipo laini. Palipo laini palikuwa kando ya kisima.

"Hapa, mama mdogo," alimwambia Bi Sitara. "Hapa mchanga unakunywa upesi."

Bi Sitara alipatazama, akaona panafaa. Alisema, "Chimba."

Aliosha kama alivyofundishwa. Lakini alipolibonyeza tumbo la Bi Hadia yalitoka maji ambayo hakuwa amewahi kuyaona, meupe, kama maji yaliyooshewa mchele, na kila alipobonyeza yalizidi. Akaomba maji zaidi, akamwaga, akamwaga, maana hakutaka mgeni wa watu azikwe na uchafu. Kata iligonga mtungi. Maji yalianguka, mchanga ukanywa. Awadhi alikuwa amesema kweli, ulikunywa upesi.

Walipomaliza, alinawa kwa kipande cha sabuni chembamba kama ukucha. Kisha akaona Zamda amekaa pembeni analia, na mtungi wa chumbani kwake ni mkavu, na waombolezaji wanakuja. Basi yeye mwenyewe akateka maji kisimani, akaufukiza mtungi ule udi kama wapendavyo watu wa pwani, akaujaza, ili wageni wakinywa wasikie ubaridi na manukato.

*

Wa kwanza kuanguka alikuwa Paskalina, mpangaji wetu wa kutoka Masasi, ambaye hakuwa hata wa dini yao. Alikuja matangani kusaidia kupika. Wakamkimbiza kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, akapona, akarudi amekwisha kama nguo iliyokamuliwa. Nyumba ya pili, ile iliyokuwa ikichota kwetu, ilitoa majeneza.

Ndipo bwana afya alipoingia uani. Jina lake Ignasi, kijana mpole, viatu vimeliwa na dawa. Hakupiga kelele. Alizunguka kisima, akachuchumaa penye mchanga uliofukuliwa upya, akauliza:

"Shikamoo, mama. Hapa palichimbwa nini?"

"Marahaba. Ufuo."

"Maji ya kumwoshea yule mgeni yaliingia humu?"

"Yote."

Ignasi alitazama ufuo, akatazama kisima. Bi Sitara akamwambia, "Sema, mwanangu. Mimi ndiye mwosha."

Ignasi akamwambia, kwa sauti ya mtu anayepeleka habari ya msiba. Alisema vijidudu vya kipindupindu havifi mwenye navyo anapokufa. Kwao ni kwenye maji, kule mito inapokutana na bahari, maji yakiwa na chumvi kidogo. Tumbo la mtu ni kituo tu. Huingia vichache, vikashika utumbo na kuulazimisha utoe maji yote ya mwili, na katika maji hayo hutoka vingi visivyohesabika, vikitafuta maji mengine. Mchanga wa Kariakoo ni mwepesi, alisema, na maji yaliyo chini hayako mbali. Linalomwagwa hapa hufika pale.

"Na kisima chetu kina chumvi kidogo," alisema Bi Sitara.

"Ndiyo, mama. Vinakipenda."

"Mbona mimi sikuumwa? Nilimshika kwa mikono hii. Nilikunywa maji hayahaya."

"Tumbo na tumbo. Uchachu wa tumbo huviua vingi njiani. Mwenye njaa au mchovu hushindwa. Mwingine alikunywa kidogo tu." Akasita. "Na wapo wanaovibeba siku kadhaa, wanatembea navyo, wala havijawafanya kitu."

Bi Sitara aligeuza viganja vyake, akavitazama kama vimeletwa na mtu mwingine.

Ignasi alitia dawa kisimani, akakifunika kwa ubao, akapita chumba hadi chumba. "Maji yote yaliyotekwa kabla ya leo, mwageni. Ya mitungi pia. Ya kunywa, chemsheni."

Bi Sitara alikwenda moja kwa moja kwa Zamda. "Ule mtungi umeumwaga?"

"Nimeumwaga."

"Zamda."

"Nimesema nimeumwaga. Au unataka nikuapie kwa karai langu la samaki?"

*

Tangu siku ile, ile sauti ilianza kumfuata. Aliisikia chini ya sakafu ya Mzee Shaibu, ile sakafu iliyookolewa; kata ikigonga, maji yakienda. Aliona kama yanatambaa gizani chini ya vyumba, chini ya mtaa, yakimjua kila mmoja kwa jina. Akiitwa kwenye msiba alisema anaumwa mgongo. Hakuteka maji ya mtu. Hakumpa mtoto mkono. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Bi Sitara ameona kitu kwenye kitanda cha kuoshea, ndiyo maana ametulia vile.

Zamda peke yake ndiye aliyemsogelea. "Wewe ndiye uliyekiumba kipindupindu? Hebu acha kujipa vyeo." Akamwekea samaki kwenye sahani. Bi Sitara hakula.

"Ungejuaje, shoga? Na mimi ningejuaje?" Zamda alisema. "Mbona shangazi yangu ndiye aliyekuja nacho, na sijakimbia kivuli changu?"

"Wewe hukuujaza mtungi."

Zamda akasuka ukili, akatazama kando. Baadaye Bi Sitara alikumbuka namna alivyotazama kando.

Asubuhi moja beseni la Feri halikutoka. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani. "Ni samaki wa jana," Zamda alijibu kutoka ndani. "Nenda zako, nitatoka." Jua lilipopanda hakujibu tena. Awadhi alikuwa bandarini. Bi Sitara na Paskalina wakasukuma mlango mpaka komeo likakatika.

Zamda alikuwa sakafuni, juu ya saruji. Macho yameingia ndani. Vidole vimenyauka na kujikunja ngozi, kama vya mtu aliyeshinda anafua, kama vya Bi Sitara mwenyewe kila anapotoka kuosha. Pembeni yake ulikuwepo mtungi. Bi Sitara aliinamia mdomo wake, akasikia udi.

"Uliniambia umeumwaga."

Sauti ya Zamda ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi yenye maneno. "Ya dawa yananuka hospitali. Haya... uliyateka wewe. Ndiyo ya mwisho yenye utamu."

Paskalina, aliyeujua ugonjwa huo kwa mwili wake, alikwenda mlango kwa mlango akiomba sukari, iliyokuwa adimu, na nyumba zote zikatoa kijiko kijiko. Wakaichanganya na chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, wakamnywesha, akatapika, wakamnywesha. Mtu akatumwa kumwita Ignasi na gari lake. Bi Sitara alimpakata Zamda kichwa mapajani.

"Yapashe moto," Zamda alisema.

"Unaenda kambini, shoga. Unarudi. Paskalina si huyu hapa?"

"Sitara. Yasiwe baridi."

Gari halikuwa limefika.

*

Awadhi alirudi na vumbi la magunia mabegani, akamkuta mama yake amefunikwa. Alilia kidogo, upesi, kama mtu asiye na nafasi. Kisha akasimama. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwasha moto, sufuria kubwa ya maji iko mafigani. Akachukua jembe lilelile.

"Nitachimba humuhumu ndani," alisema. "Mzee Shaibu akisema neno kuhusu saruji yake, atazikwa nayo."

Mzee Shaibu alikuwa ukumbini. Aliinamisha kichwa.

"Awadhi," Bi Sitara aliita. "Weka jembe."

"Watu wa afya wako njiani, mama mdogo. Tufanye upesi, wamkute yuko kwenye sanda."

"Sitamwosha kwa maji."

Kuni tu ndizo zilizolia.

"Umesemaje?"

"Mama yako hataoshwa kwa maji. Wala uani, wala ndani, wala mahali popote watu wanapokunywa."

Awadhi alimtazama kama anamtafuta mtu mwingine nyuma ya uso ule. "Umeosha wageni. Umemwosha kila mwanamke wa Mchikichi. Mama yangu ndiye unamnyima maji? Mama yangu alikuwa anakula na wewe sahani moja. Ulimwahidi, nilikuwa nimekaa hapo, nilisikia."

"Ulisikia."

"Basi kwa nini?"

Alikuwa ameshika jembe lililochimba ufuo wa kwanza. Mikono yake ndiyo iliyochagua mchanga laini. Hilo Bi Sitara alilijua, na wachache tulilijua, na yeye Awadhi bado hakuwa amelifikia. Ilibakia hatua moja tu alifikie, na akilifikia litakaa naye kama lilivyokaa na Bi Sitara.

"Kwa sababu ule ufuo wa kisimani ni wangu," alisema Bi Sitara. "Nilipachagua mimi. Maji yaliyomuua mama yako niliyamwaga mimi, nikayateka mimi, nikamtilia kwenye mtungi wake kwa mkono huu. Nikimwosha tena kwa maji, yataondoka hapa yakamtafute mtu mwingine. Labda wewe. Unishikie kisu au unikabe, ni sawa. Lakini weka jembe."

Awadhi hakuliweka. Lilimtoka tu mkononi.

"Atazikwaje sasa," alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto, "atazikwaje bila kuoshwa."

"Hatazikwa bila twahara. Ngoja."

Ignasi alikuwa ameingia, na pampu yake ya dawa mgongoni, amesimama nje ya mlango wa chumba. Bi Sitara alimwendea. Akamweleza juu ya yule mwanamke aliyeungua, na shangazi, na udongo. Akamwuliza kama udongo mkavu unaweza kubeba kitu.

Ignasi alifikiri. "Mkavu uliopigwa na jua, haviishi humo. Lakini usimguse kwa mkono mtupu, mama. Na ukimaliza, mikono yako uniletee niitie dawa."

Akatoa mfukoni jozi ya glavu, akampa.

Bi Sitara alikwenda na sahani mpaka barazani, pale walipokuwa wakikaa. Chini ya baraza, ambapo jua la mchana lilipiga siku nzima, kulikuwa na vumbi laini, jekundu kidogo, lenye vipande vya ukili vilivyodondoka miaka na miaka. Alivitoa kimoja kimoja. Alijaza sahani, akairudisha ndani, akawatoa wanawake wote ila Paskalina, aliyebaki kushika taa ya chemli, maana chumba kilikuwa na giza hata mchana.

Walisikia nje pampu ya Ignasi ikinyunyiza dawa mlangoni. Kisha ikanyamaza. Hakuna kata iliyogonga chochote. Paskalina alituambia baadaye kwamba hakuwahi kukaa kwenye chumba kimya namna ile, mpaka akasikia utambi unavyoungua.

Bi Sitara alipiga viganja kwenye vumbi. Akampaka Zamda usoni, paji, mashavu, kidevu, taratibu, kama asiyetaka kumwamsha. Akapiga tena. Akampaka mikono, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka kwenye viwiko, juu ya vile vidole vilivyokunjamana kama vimeosha watu wengi.

Vumbi lilikuwa bado na joto la jua. Alilisikia kupitia mpira wa glavu. Alikiacha kiganja chake pale, juu ya mkono wa rafiki yake, kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Kisha akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa Zamda, na Paskalina, aliyekuwa amesimama hapohapo, nusura asisikie.

"Si baridi, shoga," alisema. "Leo si baridi."